Mwaija na Mashindano ya Mirathi

Mwaija binti Mwinjuma alikuwa msuka mikeka wa Bagamoyo, miaka miwili mitatu kabla Wadachi hawajaja na mizinga yao. Hakuwa mgomvi. Mumewe, Mtoro, alishona matanga ya majahazi, na katika watoto waliowazaa aliishi mmoja tu, wakamwita Majaliwa.

Majaliwa alikuwa na kichwa cha hesabu. Alipofika miaka kumi na moja, Mwalimu Kombo wa chuo cha Kurani alimwanzishia mirathi: mtu kafa, kaacha nani na nani, kila mmoja apate fungu gani kwa sheria. Wenzake wanne nao wakaifahamu vizuri. Siku moja mwalimu akawaalika wanafunzi wa chuo cha mtaa wa bondeni waje waulizane masuala na kuchangamsha akili. Wakaulizana, wakala tende, wakaenda zao. Lilikuwa jambo jema, na lingebaki jema lau wazazi wasingelisikia.

Walilisikia. Bagamoyo watu walishindana kwa ngoma, kwa karamu za harusi, hata kwa wingi wa wasomaji wa Maulidi. Sasa wakapata kitu kingine. Mwezi haukuisha, watoto wa Mwalimu Kombo, wa mtaa wa juu, wakashonewa kofia za namna moja. Wa bondeni wakashonewa kofia na kanzu. Baba mmoja akachinja mbuzi. Akina mama wakatunga vijembe vya kuimbiana. Mtoro, ambaye maisha yake yote hakupata kuuliza chuoni kunasomwa nini, akawa anamkalisha mwanawe kila alasiri na kumpigia makofi ili ajibu upesi.

"Upesi, upesi! Mwenzako wa bondeni keshamaliza!"

"Baba Majaliwa, mwache mtoto akacheze," Mwaija alisema.

"Acheze, halafu wa bondeni watucheke?"

Nyumba ikawa haikaliki. Majaliwa hakuweza kuona watu wanne wamekaa pamoja asimwue mmoja wao kichwani ili awarithishe waliobaki. Siku moja, wanakula, akamtazama bibi yake, mama wa Mtoro, akauliza, "Bibi, una ndugu wangapi wanaume walio hai?"

Bibi akaliweka tonge chini. "Mwaija, mwanao ananihesabia kifo?"

Mtoro akacheka kwa fahari. Mwaija hakucheka. Alimwendea Mwalimu Kombo akamwomba ayakomeshe mashindano. Mwalimu, mtu mpole, akashusha pumzi.

"Nimewaambia, binti Mwinjuma. Wamenijibu kwamba nikichoka, wako walimu wengine."

Haukupita mwezi, Hija akafa kwa homa. Hija alikuwa jirani yao, mkulima mwenye minazi arobaini na minane huko Kaole. Alimwacha mama yake, mkewe Sikuzani, mabinti wawili wadogo, na nduguye mmoja, Ramadhan. Siku ya tatu, kisomo kilipokwisha, wanaume wamekaa barazani wanakunywa kahawa, mzazi mmoja wa bondeni akasema, "Suala si hili hapa? Watoto wetu wangelijibu kabla kahawa haijapoa."

Mtoro akainuka. "Wenu? Wa kwetu kabla hujameza mate!"

Wakaitwa watoto, pale pale matangani. Ndani, wanawake walisikia kila neno. Sikuzani alikaa ukutani amejifunika nguo nyeupe, akisikia jina la mumewe likifanywa suala. Ikatoka sauti nyembamba ya Majaliwa, mbio mbio:

"Mafungu ishirini na manne! Mke matatu, mama manne, mabinti wawili kumi na sita, ndugu moja!"

Baraza zima likashangilia. Nyumba ya msiba, siku ya tatu, watu wazima wanashangilia.

Sikuzani akauma upindo wa nguo yake. Mwaija akamtazama, akamwuliza jambo kwa macho, na Sikuzani akaitikia kwa kichwa. Hapo Mwaija akajitanda vizuri, akatoka mpaka barazani, mahali ambapo mwanamke hakutarajiwa kusimama siku kama ile.

"Mmegawa?" akauliza. "Na aliye tumboni mmempa fungu gani?"

Vikombe vya kahawa vikawekwa chini.

"Sikuzani ana mimba ya miezi minne. Hija aliijua. Katika ninyi nyote, wa juu na wa bondeni, yuko aliyeuliza? Mmeshughulika na nani kawa wa kwanza kujibu!"

Mwalimu Kombo, aliyekuwa ameinama pembeni, akasema taratibu, "Kweli. Mwenye mimba husubiriwa ajifungue, ndipo mali igawanywe kwa haki. Mimi ndimi niliyepaswa kuwazuia. Nisameheni."

Mwaija akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Njiani mtoto alikuwa akilia. "Mama, sikukosea hesabu."

"Hukukosea, mwanangu. Uliulizwa vibaya, na waliokuuliza wana ndevu."

Ungedhani wazazi waliona haya. Hata! Wa mtaa wa juu walimlaumu Mwaija kwa kuwaaibisha mbele ya bondeni. Walikuja wawili wawili kulalamika, na hakuna hata mmoja aliyepitia kwa Sikuzani kumpa pole.

"Umenivunjia heshima," Mtoro alisema.

"Heshima uliiacha ulipokwenda kushangilia matangani. Na mashindanoni Majaliwa haendi tena."

Mtoro akanuna, akala kwa dada yake siku tisa. Mwaija hakumfuata.

Sikuzani alijifungua mtoto wa kiume. Ramadhan alikuwa keshachagua minazi yake miwili, keshaitia alama na kuangua nazi. Mwalimu Kombo akamweleza kwamba kwa kuwa marehemu kaacha mwana wa kiume, ndugu hana kitu. Kisha mwalimu akamwita Majaliwa, wakakaa na ubao asubuhi nzima bila kuharakishwa na mtu. Mama wa marehemu, minazi minane. Sikuzani, sita. Mtoto mchanga, kumi na saba. Kila binti, minane, na mmoja uliosalia wauchangie. Majaliwa alikwenda mwenyewe kumweleza Sikuzani, akarudia mara tatu mpaka mjane akaelewa, naye akampa andazi.

Mashindano hayakukoma. Maulidi yaliyofuata kofia zilishonwa mpya, na Mtoro, asiye tena na mtoto mle, ndiye aliyepiga kelele kuliko wenye watoto. Jioni alirudi sauti imemkauka kabisa, akaonyesha kooni kwa kidole. Mwaija akaweka chini ukili aliokuwa akiusuka, akamtwangia tangawizi, akampa. Nani kashinda, hakuuliza.