Zamu Isiyopokelewa

Zamani mtu alikabidhi zamu kwa kiganja cha mkono na mwenzake akaipokea kwa kiganja chake. Siku hizi anabonyeza simu akaenda zake, na anayepokea yuko upande wa pili wa mji, hata sura yake haijui.

Mzee Protas aliishi hiyo zamani. Aliiishi chini ya ardhi, katika chumba cha mitambo cha jengo moja la biashara kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu, mjini Guangzhou, China, ambako wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Unguja na Kinshasa hupanda na kushuka na mizigo yao bila kujiuliza ubaridi wa madukani unatoka wapi. Ulitoka kwake. Kule chini palikuwa na pampu za maji zilizopangwa ukutani, mafeni makubwa ya kuvuta hewa, na mtambo wa kupoza uliokaa katikati ya chumba kama ng'ombe aliyelala anacheua.

Alikuwa Mchaga wa Rombo. Alifika Guangzhou akiwa kijana, akitafuta vipuri vya pampu vya kwenda kuuza Arusha, akajikuta anapenda kujua pampu inavyofanya kazi kuliko kuiuza. Biashara ya mtu wa namna hiyo haikui. Akaoa binti wa Kikantoni, akapata kibali cha kuishi, na mkewe, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyempeleka kwa Liang, fundi mkuu wa lile jengo. Liang wote walimwita shifu, jina la heshima wanalopewa mafundi waliobobea. Protas hakuwa na cheti cha aina yoyote. Kichina cha kusoma alikipata kwenye vibandiko vya mashine na vitabu vya maelekezo, kamusi ikiwa mapajani, akirudia ukurasa mmoja mpaka ukubali.

Liang alimfundisha mengi, lakini alianza na makabidhiano. Anayetoka na anayeingia walizunguka chumba pamoja, mashine kwa mashine. Anayetoka aliweka kiganja juu ya pampu, akasema ilivyoshinda: hii imekuwa ya moto kuliko jana, hii inatetemeka kidogo ukiigusa pembeni. Kisha aliondoa mkono, na anayeingia akaweka wake palepale, kabla joto la mwenzake halijapoa. Walipomaliza, anayeingia alimimina chai chungu, anayetoka akanywa, ndipo akawa huru kwenda. Liang alikuwa ameyarithi hayo kwa shifu wake. Alipochoka na kurudi kijijini kwao, alimzungusha Protas chumba kizima kwa mara ya mwisho, akanywa chai yake, akasema kwamba fundi anayeondoka moja kwa moja ni lazima apokelewe na mkono wa mtu. Asipopokelewa, kazi aliyoifanya imekatika kama bomba.

Protas aliyashika maneno hayo kama wengine wanavyoshika wosia. Naye akaanza kungoja wa kumpokea.

Wakaja. Chuo kimoja cha ufundi kilikuwa kinaleta vijana wa Afrika Mashariki kwa ufadhili, wasome uendeshaji na matengenezo ya mitambo ya majengo makubwa, na mafunzo ya vitendo wayafanyie kwenye majengo ya mjini. Kwa kuwa Protas alijua Kiswahili, wanafunzi wawili walipelekwa kwake. Mmoja alikuwa Judica, Mpare wa Same, binti mrefu mwenye mikono mipana, aliyekuwa amekwisha kusomea umeme nyumbani. Wa pili alikuwa Gharib wa Jang'ombe, Unguja, ambaye hakuna mashine wala binadamu aliyepona mdomo wake.

Siku ya kwanza walimwamkia, akaitikia, akawauliza kwao. Judica aliposema Same, mzee alitikisa kichwa, akaanzisha utani wa Wachaga na Wapare.

"Mpare. Basi humu chumbani tutakuwa na kesi kila siku."

"Na wewe Mchaga, Baba, tutahesabu spana kabla ya kutoka," Judica akamjibu, na Gharib akasema yeye atakuwa hakimu, ilimradi apewe chai.

Wakawa wake tangu hapo. Aliwafundisha kusafisha machujio, kusoma geji, kubadili beringi, kusikiliza feni ikiwa na mkanda uliolegea. Wakati wa chakula walipanda wote mpaka mtaa wa Dengfeng, wakala wali kwa maharage katika mgahawa wa Mkongo, katikati ya vibanda vya simu na wabadili fedha, Gharib akigombana na mhudumu kwa Kifaransa ambacho hakukijua. Tangu mkewe afariki, Protas hakuwa amekula akicheka. Makabidhiano waliyafanya vizuri kuliko Wachina wenyewe. Judica hasa: alipoweka kiganja juu ya pampu alifumba macho, na alichokisema mara nyingi kilikuwa kweli. Mzee aliamua moyoni kwamba siku yake ya kuondoka, ambayo haikuwa mbali, atakayempokea ni huyu. Akamwambia. Judica aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema ataweka mkono pale mzee atakapoutoa.

Sasa kilichowaponza ni tabia njema. Kwetu mgeni hapewi mgongo mlangoni, husindikizwa. Rombo unamtoa mpaka mwisho wa migomba, Unguja mpaka mwisho wa kichochoro, na anayesindikizwa naye, akiwa mtu aliyelelewa, hukugeuza akurudishe kidogo. Hivyo mchana mmoja wa joto kali, Judica alipokwisha kumkabidhi Gharib zamu, Protas alimsindikiza ngazi moja. Mazungumzo yalikuwa matamu, Gharib akafuata ili asipitwe. Wakafika barabarani. Judica akasema haiwezekani mzee arudi peke yake, akawarudisha mpaka mlango wa chini. Gharib akasema haifai binti aende bila mtu, wakamtoa tena, safari hii mpaka kona ya Dengfeng, wakasimama pale wakimalizia hadithi ya shangazi yake Gharib aliyemfukuza mwizi kwa mwiko.

Nyuma yao chumba kilikuwa kitupu. Pampu moja ilisimama, maji hayakwenda, na mtambo wa kupoza ukajizima wenyewe kama ulivyotengenezwa. Waliporudi walikuta wafanyabiashara wamejaa nje, mabibi wa Kariakoo wakijipepea kwa vipande vya maboksi. Hakuna kilichoharibika ila heshima.

Meneja wa jengo alikuwa kijana mpole, wala hakufoka. Aliwaonyesha picha za kamera, chumba kikiwa hakina mtu, akauliza aliyepokea zamu alikuwa wapi. Protas akaeleza kwa Kichina kwamba alikuwa anamsindikiza mwenzake.

"Hajui njia?" meneja akauliza.

"Anaijua."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Mzima kabisa."

"Basi mlimpeleka wapi?"

"Barabarani. Kisha akaturudisha."

Kijana yule aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta mzaha, akaukosa. Gharib alitaka kuchangia, Judica akamkanyaga mguu.

Juma lililofuata walikuja watu na vifaa vya kupima, wakavifunga kwenye kila pampu na kila feni, nyaya zikaenda kwenye kisanduku, na kisanduku kikazungumza na kituo kilichoko Panyu, kusini kabisa mwa mji. Zamu ikawa ya kubonyeza kwenye simu. Wanafunzi wakahamishiwa kituoni, wamalizie mafunzo yao mbele ya skrini. Protas akaambiwa abaki mpaka mkataba wake uishe, afagie na kuangalia bomba zisivuje, maana kufagia skrini haiwezi. Na asiseme mtu kwamba vifaa vile vilikuwa vibaya. Viliijua homa ya pampu kabla mkono haujaihisi, mzee alikiri hilo mwenyewe. Kilichomuuma ni kwamba havikumngoja mtu amalize chai. Chumba kikawa na sauti ya mitambo tu, na mara nyingi alijikuta ameweka kiganja juu ya pampu akisema ilivyoshinda, kisha anageuka.

Siku zake zilipokaribia kwisha, alivaa shati jeupe akapanda metro mpaka Panyu. Alitaka jambo moja: siku ya mwisho Judica aje, na Gharib awe shahidi, wazunguke chumba, ampokee. Aliwakuta katika ukumbi wenye baridi, wamekalia viti vya ofisi, wamevaa fulana mpya zenye nembo. Walimwona wakainuka kwa furaha ya kweli, shikamoo zikagongana. Gharib akamvuta mbele ya skrini, akamwonyesha pampu zao za Huanshi zikiwa zimechorwa kwa kijani.

"Tazama, mzee wangu. Hii beringi itakufa mwezi ujao, inajulikana leo. Wewe kiganja chako kilikuwa kinangoja mpaka iungue."

Aliusema kwa utani, kama alivyosema kila kitu. Protas akacheka, akakitia kiganja mfukoni. Akaipeleka haja yake kwa Judica, lakini alikuwa amekwisha kuipunguza, akaisema kama kitu kisicho na uzito, kwamba siku fulani anafunga kazi, naye Judica akipata nafasi apite.

Judica aliitazama tarehe kwenye simu yake. "Baba, siku hiyo ndiyo mtihani. Tukikosa hatupati cheti, na nyumbani wananingoja nacho. Tutakuja ukiisha."

"Msijisumbue. Nyinyi someni. Mimi nilikuwa napita tu."

Panyu mtu hapiti tu. Judica alilijua hilo, akafungua mdomo aseme neno, lakini mwalimu aliwaita, na mzee alikuwa amekwisha kushika njia ya mlangoni, haraka haraka, asije mtu akamsindikiza.

Siku yake ya mwisho alifagia, akapiga deki. Alizunguka chumba peke yake, akagusa kila mashine, akaeleza ilivyoshinda, na kila alipoondoa mkono joto lilikaa pale kidogo likapotea. Kisha akabonyeza simu yake, ambayo ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Simu ikamshukuru na kumwomba aipe huduma nyota. Hakuipa. Na kwa kuwa iliendelea kumlilia na habari za pampu hata alipokuwa kitandani, kama mtoto asiyejua kwamba ameshaachishwa ziwa, aliizima akaitupa ndani ya saraka ya nguo za marehemu mkewe.

Siku kadhaa zikapita. Alikuwa anatoka sokoni na mfuko wa mboga, yuko katikati ya daraja la waenda kwa miguu linalovuka Huanshi Zhonglu, akatazama chini upande wa jengo kwa mazoea. Mlangoni walisimama watu wawili wenye masanduku makubwa ya safari, na juu ya nguo zao za safari walikuwa wamevaa ovaroli za bluu, zilezile za kazi ya chini. Judica alikuwa anamwonyesha mlinzi ule mlango wa ngazi. Mlinzi akatikisa kichwa. Gharib aliweka simu sikioni, akangoja, akaishusha, akaiweka tena.

Protas aliita. Mabasi mawili yalipita yakaimeza sauti. Akaita tena, akaanza kushuka, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi na mwingine umeushika mfuko, na magoti hayakumpa mwendo aliouomba. Mahali ngazi zinapokata kona kuna bango, hakuweza kuwaona. Alipotokeza chini, bado mbali nao na kelele za magari zikiwa katikati, teksi ilikuwa imefungwa buti, na Judica alikuwa anavua ovaroli pale pale barabarani, mguu mmoja umebaki ndani, amemshika Gharib bega asianguke. Aliikunja vizuri, mkono kwa mkono, akamwachia mlinzi. Wakaingia. Gari likajipenyeza kwenye foleni ya kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun, na kwa kitambo mzee aliona kupitia kioo cha nyuma vichwa viwili vimegeuka kulitazama jengo, si upande aliokuwa yeye, mpaka lori la mizigo likaingia katikati.