Alama za Maneno, Alama za Vibao

Lori la mboga nililopanda lilipinduka karibu na Soni, nikavunjika bega. Bega liliunga, lakini kichwa kikaanza kuniogopesha. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima huko Magamba. Nikisoma ubaoni, naruka maneno. Nyumbani nilibakiza ugali nusu sahani, mama akidhani sina hamu ya kula. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu amerukwa na akili.

Hospitali wakaniita kupimwa akili. Mama alinisindikiza, kiganja chake kimelowa jasho ndani ya changu. Mpimaji, kijana mpole, aliniuliza maana za maneno. Nikajibu bila kusita. Akanitajia tarakimu, nikazirudia zote. Kisha akamwaga mezani vibao vyekundu na vyeupe, nivipange vifanane na picha. Nikashindwa. Akanipa picha nyingine, nikashindwa tena.

Alipojumlisha alama alikunja uso. "Mwalimu, kwenye maneno uko juu sana. Kwenye vibao uko chini mno."

"Ndiyo wazimu wenyewe?"

"Sijasema hivyo. Watu wazima wengi alama zao hupishana, na wengine hawajawahi kushika vibao kama hivi. Kabla ya ajali, kazi za mikono uliziweza?"

Nilitamani kukana. Lakini sare za watoto wa shule pale kijijini nilikuwa nikizikata na kuzishona mimi. Nikamwambia, nikijua najifungia mlango wa kujitetea.

Aliinamia vibao vyangu, akavitazama kwa muda. "Upande wa kulia hujakosea hata kimoja," alisema. Akaisogeza picha na vibao vyote kulia kwangu. "Hebu panga sasa."

Nikapanga. Ikatoka sawasawa.

"Akili yako ni nzima. Tangu ajali, upande wa kushoto huuoni, na hujui kwamba huuoni. Ningeangalia jumla peke yake, ningekuonea."

Mama akamshukuru Mungu kwa Kishambaa huku akilia. Mimi nilikuwa nimeikumbuka njia ya kwenda darasani: korongo lote liko kushoto, nami tangu ajali nilikuwa nikipita ukingoni pale kila jioni, nikiimba.

Nilirudi kufundisha. Wanafunzi wangu walizoea kuniambia, "Kushoto, mwalimu," nami nageuza shingo. Lakini njia ile sikuipita tena peke yangu.