Mzabibu wa Aneth

Emilia alikuwa na kijiba cha roho, na hatutamsitiri, maana Ihumwa nzima ilikijua kabla yeye hajakikubali.

Miaka minne alikuwa mpiga picha peke yake mtaani. Alitoa makochi sebuleni, akatundika pazia lililochorwa ziwa na mabata maji, akasimamisha mwavuli wa taa, na mlangoni akaandika kwa rangi nyekundu kwamba hapa ni studio. Aliyetaka picha ya kuombea kazi, aliyebatizisha mtoto, aliyemaliza kidato cha nne, wote walikalishwa kwenye stuli moja na kuamriwa wanyooshe shingo. Walinyoosha. Wangekwenda wapi?

Kisha akahamia Aneth, mke wa karani wa wizara, nyumba ya jirani, ng'ambo ya uzio wa minyaa. Uani kwa Aneth kulikuwa na mzabibu wa zamani uliotambaa juu ya kichanja. Haukuwa na mtu wa kuuhudumia, kwa hiyo haukuzaa, ulijaza majani tu. Lakini majani hayo, katika nchi yetu hii ya vumbi, yalitosha. Aneth aliweka benchi chini yake, akachukua kamera, akaanza kupiga watu picha huku anapiga nao soga. Hata mwavuli wa taa hakuwa nao.

Wateja wakaenda. Emilia aliwahesabu kupitia minyaa, mpaka maharage yakaungua mara mbili ndani ya wiki moja. Mumewe Gerson aliposema kwamba mtaa unawatosha wote wawili, alinuniwa siku tatu. Kilichomuuma zaidi ni vicheko. Kwake hakuna mteja aliyewahi kucheka.

Ikafika Mei, na askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara kwa vijana zaidi ya sitini. Kila mwaka kazi hiyo ilikuwa ya Emilia. Mwaka huo hakuwa na hakika tena, na usingizi ulimpaa. Siku tatu kabla ya Jumapili hiyo, Aneth mwenyewe aliingia uani kwake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Aneth alikuwa amesikia kwamba Emilia ni mtoto wa Hombolo, na kwamba marehemu baba yake, mzee Bartolomayo, alilima zabibu maisha yake yote. Akauliza kwa nini mzabibu wake hauzai.

Emilia aliutazama uzio, akaona jinsi Jumapili itakavyokuwa bila yale majani.

"Ukate," alisema. "Wote. Kila tawi bakiza macho mawili tu ya kuchipua."

"Nikate lini?"

"Leo. Ukingoja wiki ijayo, umeukosa msimu."

Ushauri wa kukata ulikuwa wa kweli. Wiki ijayo ilikuwa uongo. Kisha, kwa ukarimu ambao hakuwahi kumwonyesha jirani huyo, aliingia ndani akamletea mkasi wa kupogolea wa baba yake.

Jioni mzabibu ulibaki fimbo tupu. Jumapili vijana walitoka kanisani na mashati yao meupe, wakachungulia kwa Aneth, wakaona vijiti na ukuta, wakaja kwenye ziwa na mabata maji. Emilia alipiga picha mpaka mkono ukafa ganzi. Wiki hiyo alikula kwa hamu na hata Gerson akasemeshwa.

Ila wivu una macho mafupi, na huo wa Emilia haukuona kitu zaidi ya Jumapili. Binti wa Bartolomayo alisahau jambo ambalo hata mbuzi wa Hombolo wanalijua: mzabibu hukatwa ili uzae.

Aneth alimwagilia. Juni machipukizi yakatoka, Julai vishada vikaonekana, na mwisho wa Agosti zabibu nyeusi zilikuwa zinagusa vichwa vya wateja. Wake wa wakubwa walikuja na magari kutoka mjini kupigwa picha wameshika kishada. Emilia hakuwahesabu tena. Alikuwa amebakiwa na tegemeo moja, picha za sendoff ya Erica, mdogo wake wa mwisho. Alinunua hata pazia jipya.

Siku yenyewe Erica alifika amepambwa, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada, usinikasirikie. Nataka kupigwa kwenye zabibu. Nikisimama pale ni kama niko kwa baba."

Emilia aliweka kamera yake juu ya stuli. Alifuata nyuma ya ukoo wote hadi kwa jirani, mikono mitupu, akajibanza pembeni. Aneth alimwona, akamshika mkono, akamleta katikati kabisa, pembeni ya bibi harusi.

"Huyu ndiye aliyenifundisha kukata," aliwaambia. "Mkasi wenyewe alinipa yeye."

Vigelegele vikapigwa. Mama yao alifuta machozi kwa kumkumbuka mumewe. Aneth akarudi nyuma, akainua kamera, akamwomba dada Emilia anyanyue uso kidogo. Mwanamke aliyenyoosha shingo za Ihumwa nzima akashindwa kuinyoosha yake.

Picha hiyo imetundikwa mlangoni kwa Aneth hadi leo. Watu kumi na watatu wanacheka, na mmoja katikati ameinamia viatu vyake. Wateja wakiuliza kama huyo alikuwa na msiba, Aneth huwaambia hapana, huyo ni mwalimu wake.