Mbuzi wa Wakwe na Maua ya Maboga

Mbuzi wa posa yangu aliletwa nyumbani kwetu Makomeno wakati wa mvua, maboga ya Mama yakiwa yameanza kutambaa uani.

Mbegu ya maboga yale ilitoka kwa bibi yangu, mzaa mama, huko Kasenga. Boga lake likichemshwa halikutaka chumvi wala sukari. Bibi alishafariki, na kule kwake hakuna aliyebaki nayo. Mwaka ule Mama alizipanda mbegu zake zote, maana wadudu walishaanza kuzitoboa ndani ya kopo. Zilizobaki duniani zilikuwa pale uani.

Kwetu mbuzi wa wakwe hachinjwi mpaka mjomba wa bibi harusi amwone. Mjomba wangu, yaya wa Mama, yaani kaka yake mkubwa, anauza samaki Kasenga, na barabara ilikuwa matope matupu. Mbuzi akamsubiri. Nikamwambia Mama tumfunge kamba fupi.

“Ikonde?” akauliza. “Bakwe batasema tuliinyima chakula. Yaya yangu aikute na mafuta yake.”

Akairefusha kamba yeye mwenyewe. Kesho yake tukakuta ncha za mimea zimekatwa, na maua dume, yale yanayosimama juu ya vikonyo virefu, yameliwa karibu yote. Maua jike, yenye kiboga kidogo kwenye kitako, yalijificha chini ya majani yakapona. Mbuzi alinitazama huku akitafuna, ametulia kama mkwe aliyeandaliwa kiti.

Tukamhamishia upande wa pili, kamba ikiwa ndefu vilevile. Mimea ikachipua tena, lakini maua yalikuwa madogo, yamepauka, hayanukii. Zamani nyuki waliingia wawili watatu katika ua moja, wakatoka wamejaa unga wa njano. Sasa nyuki alitua, akaingiza kichwa, akaondoka papo hapo kwenda kwa jirani. Sikuwahi kufikiri kwamba meno ya mbuzi yanaweza kumfukuza nyuki.

Maua jike yakafunguka asubuhi na kujifunga bila kuguswa. Mama alitafuta ua dume ili apake ule unga kwa mkono, akainua jani moja baada ya jingine. Kila lililochomoza, mbuzi alikuwa amelifikia kwa kamba yake ndefu. Viboga vikageuka njano, vikadondoka.

Inaniuma hadi leo. Nina mtoto sasa, na boga la bibi yangu hatalionja. Namnunulia ya sokoni, yana majimaji, na kila mara nakasirika upya.

Mjomba alifika hatimaye, akamkagua mbuzi, akaridhika. Siku ya karamu nyama ilisifiwa na pande zote mbili. Baba mkwe akamgeukia Mama.

“Ile mbuzi mulikuwa munaipatia nini, Mama? Iko na mafuta sana.”

“Majani tu, Papa,” Mama akajibu. Wakwe walikuwa wanamtazama, kwa hiyo akala nyama yote iliyokuwa kwenye sahani yake.