Mashine Nyeusi na Adabu Zake

Mtu huyu alikaa masijala miaka ishirini na minane, na siku alipostaafu jina lilimfuata mpaka nyumbani kama paka: Masijala. Kazi yake ilikuwa kupokea barua, kuzigonga mhuri, kuziingiza kwenye faili na kuzilaza. Kuzilaza ndiko kulikokuwa fani yenyewe. Aliamini kwamba barua ikikaa kwenye trei siku saba bila kufunguliwa, nusu ya yaliyomo hujimaliza yenyewe. Mlalamikaji anakuwa ameshapoa. Aliyeomba ruhusa ya kwenda harusini, harusi imeshapita na wali umeliwa.

Mtu wa namna hiyo alipofungua chumba cha gemu, watu walishika mbavu. Yeye hakujali. Aliweka mashine moja nyeusi, televisheni moja na mabenchi manne yaliyonyooka kama mstari wa rula.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na chumba kinachofanana na chake, maana vyote viwili vilijengwa na marehemu baba yao. Humo alikuwamo mdogo wake wa kike, mshona nguo, anayeitwa na wote Bi Sindano. Naye kuona hivyo akanunua mashine nyeupe, akaiweka katikati ya vyerehani viwili. Tangu hapo ndugu hao wakawa wanalinganisha mashine zao kama wazazi wanaolinganisha wakwe. Tabu ni kwamba zilifanana. Mpira uko huku na kule, magari huku na kule, hata kelele ni zilezile. Ikabidi wagombanie tabia.

"Yangu ina adabu," alisema Masijala. "Mtu wa nje akitengeneza gemu lake, haingii nalo kama anaingia sokoni. Anawaandikia wenye mashine, anajaza fomu, anakaguliwa, anasubiri. Wakimkubali ndipo wanampa namba ya kufungulia mlango."

"Yangu ina utu," alijibu Bi Sindano na pini mdomoni. "Mtu wa nje akibisha hodi anaambiwa karibu. Anabonyeza hapa, anabonyeza pale, gemu lake limo ndani. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mgeni siku mbili, Dada."

"Ya tatu mpe jembe, Kaka, si fomu!"

Mama yao alichoka kuyasikia hayo kila mlo. Akakata shauri: siku ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, ambaye mabenchi yake yatakuwa hayana watu amkabidhi mwenzake ufunguo wa chumba. Kesho yake Bi Sindano alionekana akipima madirisha ya kaka yake kwa ajili ya mapazia.

Hakuwa anajisifu bure. Pembeni ya barabara hiyo kulikuwa na binti mmoja mwenye meza ndogo na bisibisi nyingi, Fundi Simu, ambaye alikuwa ametengeneza gemu lake mwenyewe. Aliliita Njoo Kesho. Mchezaji ni mtu mwenye faili kwapani, anapita madirisha tisa akitafuta mhuri. Dirisha la tisa yupo karani mwenye miwani ya kamba. Unamsalimia, anakohoa, anasema, "Njoo kesho." Ukibonyeza chochote kwa hasira, unarudishwa dirisha la kwanza. Hakuna aliyewahi kulimaliza. Karani yule alifanana na Masijala mpaka kile kikohozi, na mtaa mzima uliliona hilo isipokuwa Masijala.

"Huyo karani anaijua kazi," alisema alipoonyeshwa picha.

Gemu hilo lilikuwa kwenye mashine nyeupe tu. Wanafunzi wakavuka barabara, waashi wakavuka, hata kinyozi alivuka na mteja wake aliyenyolewa nusu. Kwa Masijala alibaki nzi mmoja, naye hakukaa.

Akameza kiburi, akaenda kwenye meza ya Fundi Simu.

"Mwanangu, gemu lako mbona halifiki kwangu?"

"Mzee, mashine yako ndiyo haitutaki. Nimeomba mara mbili, fomu zimenishinda. Wanauliza maswali kama wazee wa posa."

"Fomu?" Macho ya Masijala yakang'aa. "Nipe mimi."

Akafungua faili. Fomu iliuliza kama ndani ya gemu kuna ugomvi, jibu ndiyo au hapana. Aliambatanisha kurasa sita kueleza hali ya kila dirisha. Iliuliza umri wa mchezaji, aliandika wake. Ilitaka picha ya mhusika mkuu. Alipeleka karani wa mbele na karani wa ubavuni. Penye anwani ya barua pepe aliweka yake mwenyewe, ili mambo yapitie ofisini.

Siku kumi kabla ya mwisho wa mwezi, jibu likaingia kwenye simu yake. Aliona jina la waliotuma, moyo ukaruka, lakini hakulisoma. Utaratibu ni utaratibu. Alikwenda dukani likachapishwa, akamwomba muuzaji aangalie pembeni, akalitia kwenye bahasha, akaiandika jina lake. Kisha akatoka nje, akabisha hodi kwenye mlango wake, akaingia, akajipokelea. Akaigonga mhuri wa IMEPOKELEWA na kuilaza kwenye trei. Siku saba alipita karibu na trei ile akinyata, kama kuna mtoto mchanga.

Siku ya nane alivaa koti, akamwita Fundi Simu, akafungua bahasha mbele yake. Binti akasoma kwa sauti:

"Hongera. Gemu lenu limekubaliwa. Namba ya kufungulia ni hii hapa chini. Namba hii itaishi siku tatu." Akanyanyua uso. "Mzee, hii imekuja lini?"

"Mhuri unasema."

"Mhuri unasema wiki iliyopita!"

"Basi imelala vizuri."

"Haikulala, Mzee. Imekufa."

Waliiandika namba ile hivyo hivyo. Mashine nyeusi ikajibu kwa maandishi mekundu: muda umepita, omba upya. Fundi Simu alikunja karatasi taratibu, akaisukuma kwa Masijala.

"Mwaka mzima nimetafuta huo mlango. Umefunguliwa, wewe ukaulalia."

Akaondoka. Masijala akabaki anaitazama mashine yake, na kwa mara ya kwanza adabu zake zilimchosha.

Siku ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, mabenchi yakiwa bado matupu, alichukua ufunguo, mlango akauacha wazi, akavuka. Kwa dada yake hapakuwa na pa kuweka mguu.

"Karibu Kaka! Umeleta ufunguo au umeleta fomu?"

Chumba kizima kikacheka. Masijala akaweka ufunguo juu ya kitambaa. "Nimeleta ufunguo. Lakini kwanza nicheze mara moja, nijue limeninyang'anya watu kwa lipi."

Zamu yake ilipofika alikaa, akaomba aonyeshwe vitufe, akaanza. Dirisha la kwanza, la pili, mpaka la nane, akimsalimia kila karani na kumuuliza hali ya nyumbani. Dirisha la tisa yule mwenye miwani akakohoa: "Njoo kesho."

Watu walisubiri alipuke. Masijala aliweka padi ya kuchezea mapajani, akakunja mikono, akamtazama karani. Karani akamtazama. Zikapita dakika kumi.

"Bonyeza basi, Mzee!"

"Una haraka ya wapi, kijana?"

Zikapita ishirini. Bi Sindano alishona suruali, mguu wa kulia kisha wa kushoto.

"Kaka, umesinzia?"

"Niko kazini."

Dakika ya hamsini, karani alivua miwani, akaifuta, akashusha pumzi. Gonga! Mhuri.

Kelele zilizolipuka zilimleta Fundi Simu mbio, bisibisi mkononi. "Nani kafika? Dakika hamsini niliziweka kwa utani! Nilijua hakuna binadamu atakayezingoja bila kubonyeza!" Alipoona ni nani alijaribu kununa, kicheko kikamshinda.

"Mzee, tufundishe!" walipiga kelele waashi.

"Hapa, kwenye vyerehani? Haiwezekani. Mje ofisini."

Wakavuka wote, kinyozi pia. Wakajaza mabenchi manne. Mashine nyeusi ilikuwa imezimwa, na hakuna aliyeigusa. Masijala alisimama mbele. "Mikono magotini. Saa haitazamwi. Atakayehema kwa nguvu anatoka."

Saa kumi kamili Bi Sindano aliingia na ufunguo. "Kaka, hawa hawachezi!"

"Mama alisema mabenchi yawe na watu. Kazi yao hakuitaja."

Bi Sindano akampigia mama simu hapo hapo.

"Yana watu?" mama aliuliza.

"Yana watu, Mama, lakini wamekaa tu kama..."

"Basi muache kaka yako, na mimi mniache." Simu ikakatwa.

Bi Sindano aliutundika ufunguo wa kaka yake kwenye msumari wa mlango. Chumba chake ng'ambo kilikuwa kitupu, vyerehani vinamtazama. Mwashi mmoja akahema, akatolewa nje, nafasi ikabaki wazi.

Bi Sindano akainama kwa aliyekuwa karibu, akanong'ona:

"Wa mwisho nani hapa?"