Spana ya Kijerumani na Pedali ya Kushoto

Heri niwasimulie mwenyewe, maana watu wa Bigwa wataongeza chumvi.

Nilinunua baiskeli kuukuu kwa karani wa reli. Pedali ya kushoto ilikuwa imepinda, nami nilitaka kuibadilisha kabla ya kwenda kumposa Hawa. Mwenye kauli juu ya Hawa ni mjomba wake, Mzee Kobelo, mhunzi. Basi nikanunua spana aliyoifua yeye, ya bei ya chee. Nikahangaika siku mbili, pedali haikutikisika.

Nikauza mbuzi wangu wote wawili, nikanunua mjini spana ya Kijerumani inayong'aa kama kioo. Pedali ikazidi kukaza! Hapo nikajua, kwa akili zangu hizi, kwamba spana ya mzee ndiyo iliyoiharibu. Nikaikokota baiskeli hadi kwake.

"Shikamoo, mjomba," nikasema mbele ya wateja wake. "Chuma chako kimeniponza. Hata Mjerumani ameshindwa."

"Marahaba. Ulikuwa ukizungushia upande gani?"

Nikamwonyesha, kwa madaha ya fundi mkuu. Mzee akamgeukia Hawa, aliyekuwa akivukuta moto.

"Chukua spana yangu, mwonyeshe mchumba wako. Pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume."

Hawa akaiegemea, pedali ikalia kwii, ikaachia. Wateja wakacheka hadi wakashika mbavu.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini si upesi hivyo: mzee alikuwa amesema "mchumba wako," na mashahidi walikuwa wengi.