Jiko la Aliyechoka Kwanza

Katika kikundi cha shangazi yangu Asenath, mtu akisema "nimechoka" anapelekwa jikoni.

Wanawake wa Hewani wanaolima mpunga kando ya mto hupaliliana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mashamba yote yaishe magugu. Anayelitamka neno hilo kwanza hutoka majini, huosha miguu, hupanda kwenye kibanda cha kuwingia ndege, kisha huwasha moto awapikie wenzake. Siku hiyo nzima anaitwa Bibi Jiko. Atakayesema amechoka baada yake anakuwa Mtoto wa Jiko, na kazi yake ni kubeba maji, kutafuta kuni na kusugua masufuria.

Nilipokuwa mdogo niliuliza adhabu ya Bibi Jiko iko wapi, maana nilichokiona mimi kilikuwa kivuli, moto, na mwiko wa kuonjea mchuzi. Shangazi alinitazama kana kwamba nimependekeza mto uuzwe.

"Adhabu ni kicheko chetu," alisema.

Na kicheko hicho kilianzia kwake. Mama Komora, kama wote wanavyomwita kwa jina la kifungua mimba wake, ni mwanamke mrefu mwenye mabega ya mpiga kasia. Kanisani huimba kwa sauti inayowafanya wanaume wa besi waangalie viatu vyao. Mtu akilitamka neno, yeye huinua mgongo, hushika kiuno kwa mikono yake ya tope, na kuimba, "Jiko linaita! Jiko linaita!" Shamba zima hujibu, "Nani kaitikia?" Hapo mwenye kuchoka hutajwa kwa jina lake na la baba yake, na wakati mwingine hata la mbuzi wake. Shangazi mwenyewe hajawahi kutajwa, na alikuwa na nia ya kuzikwa hivyo.

Aliyeitikia karibu kila siku alikuwa Pauline.

Pauline ni jirani ya shangazi na rafiki yake tangu walipokuwa darasa moja la kipaimara. Hapendi tope wala ruba, na magugu anayaona kama mambo ya watu wengine. Umande ukiwa bado haujakauka kwenye mpunga, utamsikia akisema, "Jamani, mimi nimechoka," kwa sauti ya mtu anayeagiza soda. Wanamwimbia, naye anacheza wimbo wake mpaka kibandani.

"Bibi Jiko ni cheo," huwaambia. "Nyinyi wengine mna cheo cha kung'oa ndago."

Tatizo ni kwamba Pauline hajui kupika. Kambare wake hunuka tope lilelile alimotolewa. Ugali wake ni mgumu nje na unga mkavu ndani. Chumvi huitia kwa kukisia, na hukisia vibaya pande zote mbili. Kwa hiyo kikundi kilichosifika kwa palizi kuanzia Hewani hadi Kilelengwani kilikuwa kinakula chakula ambacho hata mbwa wa mpakani mwa shamba walikifikiria kwanza.

Baada ya Pauline kulisema neno, waliobaki walikuwa na kazi ya kutolisema. Basi wakaanza kulizunguka. Mtu alisema "nimelegea" na watu wakampa nafasi akae kidogo kwenye tuta. Msimu uliofuata kila mtu alikuwa amelegea, ikabidi neno hilo nalo likatazwe. Likaja "maungo yanadai." Likakatazwa. Simu zilipoenea, "chaji imeisha" lilipendwa mno, hata na wasio na simu, mpaka siku mama mmoja aliposema chaji imemwishia akiwa ndiyo kwanza anaingia shambani. "Mtandao umepotea" lilidumu kidogo. Binti mmoja kutoka Garsen alileta "nimechapa," nalo halikuvuka hata wakati wa chai.

Chuoni nilisoma Kiingereza, na humo nilikuta habari hiyohiyo, ila bila mama wa kukataza. Neno la uchovu hutumika mpaka makali yake yanaisha, halafu watu hutafuta jingine. Nilikuwa nikisoma hayo maktabani huku nikicheka peke yangu, na mwenzangu wa meza ya pili akahama.

Mwaka huu goti la shangazi lilivimba.

Lilianza baada ya mafuriko kuondoka na migomba yake yote na kumwachia shamba la mpunga tu. Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alilibonyeza goti, akamwambia asilikunje wala kuliingiza kwenye maji ya shamba mpaka litulie, la sivyo msimu ujao atapalilia kwa macho. Shangazi alimwuliza kama hana kitu kingine cha kukataza, labda sukari.

Kubaki nyumbani hakukuwezekana. Kikundi kina sheria nyingine, nayo haina mzaha: asiyefika kwenye mashamba ya wenzake, la kwake haliguswi. Shamba la shangazi lilikuwa la mwisho katika zamu, na ndago zilikuwa tayari zinashindana urefu na mpunga. Ilimpasa afike kila siku. Na katika shamba lote, kazi ya kukaa ilikuwa moja tu.

"Basi sema, shangazi," nikamwambia tulipokuwa njiani kwenda shambani.

"Niseme nini?"

"Lile neno."

"Neno gani?"

Tukaendelea kutembea.

Badala ya kulisema, akawa na mwiba. Kila alipohitaji kunyoosha mguu alitoka majini, akakaa kwenye tuta na kuushika unyayo akitafuta mwiba ambao hakuna aliyewahi kuuona. Siku ya kwanza watu walimpa pole. Baadaye Pauline alichungulia kutoka kibandani, moshi ukimfuata usoni.

"Mama Komora, huo mwiba wako unakua. Wiki ijayo utatoa maua."

"Pika, Bibi Jiko! Geuza kambare wako, anaungua."

"Hajaungua, ameiva upande mmoja."

Jioni moja Bilan alipita nyumbani. Bilan ni Msomali anayeuza maziwa mjini Garsen, na akiwa na haja upande wetu hupita kwa shangazi kunywa chai, maana anasema kati yetu sisi Wapokomo ni shangazi pekee asiyeogopa maziwa. Alimtazama shangazi akitoka jikoni na kikombe, akatikisa kichwa.

"Wallahi, Mama Komora, kwetu ng'ombe akitembea hivyo tunamwahisha mnadani kabla wengine hawajaona."

"Na atapata bei gani?"

"Kwa mdomo tu, nzuri."

Shangazi alicheka mpaka akalishika goti. Kisha alinigeukia. "Wewe, hiyo miaka yote tuliyokusomesha. Kizungu kina maneno mangapi ya hali hii?"

"Mengi."

"Nipe moja ambalo Pauline halijui."

Mimi si msemaji, lakini nikiulizwa habari za maneno nasahau aibu. Nikawaambia kwamba la zamani kabisa, "weary," watu hudhani ni ndugu wa "wear," la kuvaa, kumbe hata si wa ukoo mmoja. Wamefanana uso tu, kama watu wawili waliokutana kituoni. Lile la kuvaa lilikuwa la nguo tu, mpaka Waingereza walipoona kwamba nguo ikivaliwa sana inakwisha, wakalifanya neno la kuchakaa pia. Mwisho wakalipachika hata kwa mtu, kana kwamba naye kuna aliyemvaa.

"Hao wana akili," shangazi alisema. "Mimi shamba limenivaa tangu usichana. Limenivaa hata Jumapili."

Nikawaambia tena kwamba mengine waliyatoa kwa farasi. "Jade" alikuwa farasi mbovu aliyekwisha nguvu, na kutoka kwake wakapata "jaded," mtu aliyechoka na kukinai. Na yule aliyenunua farasi wazee ili awachinje aliitwa "knacker," na leo vijana wa kule wakitoka kazini husema wako "knackered."

Bilan aliweka kikombe chini. "Kumbe ni wafugaji! Siku zote mnatuambia Wazungu ni watu wa ofisi. Mtu anayeuita uchovu wake kwa jina la mnyama, huyo amechunga."

"Nalichukua la farasi," shangazi alisema. "Lile la kwanza. Jedi."

Bilan alipokwenda, nilimwuliza shangazi nani aliitunga sheria ile ya jiko. Akasema ni mama yake, bibi yangu Sarah. Kulikuwa na mwanamke mja mzito aliyeona haya kupumzika mbele ya wenzake, akaanguka majini na ikabidi wambebe. Bibi Sarah akaamua kwamba tangu siku hiyo aliyechoka aseme tu, aende akae apike, na asiwe na deni kwa mtu.

"Kwa hiyo ilikuwa huruma," nilisema.

"Ndiyo."

"Na wimbo ulitoka wapi?"

Shangazi alipuliza chai yake, ingawa ilikuwa imekwisha poa zamani.

Kesho yake, Pauline akiwa ameshaenda kibandani, shangazi alisimama katikati ya mpunga akatangaza, "Jamani, mimi leo ni jedi." Akaanza kuondoka kwa heshima kuelekea kwenye tuta.

Mwiko ulitokeza kibandani. "Simama hapo! Ni nini hiyo?"

"Ni Kizungu. Hukihitaji."

"Msomi!" Pauline aliniita. "Jedi ni nini?"

Wanawake wote waliinuka kunitazama, na mimi mbele ya macho ya watu siwezi hata kudanganya jina langu. "Ni… habari za farasi," nilisema.

"Farasi amefanya nini?"

"Amechoka."

Kelele zilizopigwa ziliwarusha ndege wa mashamba matatu. Wengine walidai shangazi awe Mtoto wa Jiko papo hapo, achukue ndoo. Pauline aliinua mwiko wanyamaze.

"Leo nimesamehe, kwa kuwa ni neno geni. Kuanzia sasa Kizungu nacho kimekatazwa, cha farasi na cha punda."

Shangazi alirudi kupalilia bila kukaa. Haukupita muda, aliinama kung'oa shina la ndago na goti likakataa kumrudisha juu. Alibaki amepiga magoti majini, mkono mmoja kwenye tope, midomo imekazwa. Wenzake waligeuka upande mwingine wakaanza kuzungumza kwa nguvu juu ya bei ya sukari. Hata Pauline alikazania kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri. Nilimshika kwapani nikamwinua, na hakuna aliyeona, au ndivyo walivyotaka aamini.

Njia nzima ya kurudi alitembea ameshika bega langu. Tulipofika mlangoni alisema, "Kama wangenicheka pale majini, ningevumilia."

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba la Pauline mwenyewe. Shangazi aliniamsha mapema kuliko kawaida. Alikuwa ameshika fimbo, na kichwani alikuwa na kapu ambalo hakutaka nilichungulie. Tulipofika kwenye kingo za shamba, wenzake walikuwa wanakunja leso zao. Pauline alitokea upande wa pili, akijinyoosha, na nilimwona akiufungua mdomo.

"Nimechoka!" shangazi alisema.

Hakusema Bwana asifiwe wala hamjambo. Alilisema kwa ile sauti ya kanisani, likavuka shamba hadi ng'ambo ya mto.

Mdomo wa Pauline ulibaki wazi. "Hata majini hujaingia!"

"Sheria haisemi uingie. Sheria inasema useme."

"Umechoka na nini asubuhi hii?"

"Na ugali wako."

Kisha shangazi alisimama, fimbo mbele, kidevu juu, akingoja kicheko. Hakikuja. Walitazamana, na nikaelewa kwamba hakuna aliyejua kukianzisha, maana siku zote mwanzishaji alikuwa yeye. Pauline aliona ni wajibu wake. "Jiko linaita!" alijaribu, akauanza wimbo juu mno, sauti ikakatika kama kamba ya ndoo. Hapo ndipo watu walipocheka, na waliyemcheka alikuwa Pauline. Shangazi alicheka mpaka akalazimika kusaidiwa kupanda kibandani.

Ndani ya kapu mlikuwa na nazi mbili, ndimu, na kambare mkavu. Alinyoosha mguu juu ya debe lililogeuzwa, akakuna nazi. Kabla jua halijasimama kichwani, harufu ilikuwa imeteremka kwenye mpunga, na palizi ikaanza kwenda kasi kwa namna isiyo ya kawaida. Walikula mpaka ukoko. Mama mmoja aliifuta sahani kwa kidole, akamgeukia Pauline.

"Wewe kesho hujachoka, unasikia? Kesho kutwa pia hujachoka."

"Mtu anaweza kuchoka bila kutaka," Pauline alijitetea.

"Wewe huwezi."

Zamu ilipofika shamba la shangazi, goti lilikuwa limeanza kushuka. Alikaa kibandani, mguu juu ya debe, akielekeza kila mtu mahali alipoacha ndago, huku akionja mchuzi. Pauline alikuwa karibu nami, tope magotini na ruba mmoja kifundoni ambaye alikuwa amekata tamaa ya kumtoa. Alitazama kibandani, akatazama jua, kisha akanisogelea na kuninong'oneza.

"Msomi. Yule farasi, aliitwaje?"

Kabla sijafungua mdomo, mwiko ukatokeza juu.

"Nimesikia!" shangazi alisema. "Hicho Kizungu kilishakatazwa, na aliyekikataza ni wewe!"